Mama Hakusukuma Vizuri

"Hii ni mara ya tatu nakwambia, dada. Ya nne nitakuandikia barua."

Katibu wa hospitali alisimama mbele ya mashine, mikono ameitanua kidogo, kama mtu anayezuia kuku wasiingie ndani. Mkunga alikuwa na glovu mkono mmoja tu, na barua alishaandikiwa nyingi maishani. Akamjibu kwamba hamnyang'anyi mtu kitu, anaomba dakika tano, mama wa kitanda cha tatu haendi vizuri.

"Soda ikifunguliwa kwa dakika tano," katibu akauliza, "unaweza kuirudisha dukani?"

"Hii si soda."

"Ndiyo maana nakwambia usiifungue."

Mashine yenyewe ilikuwa ya ultrasaundi, ya magurudumu, na ililetwa kwa ajili ya chumba hicho hicho cha kujifungulia. Haikuja kupima mimba changa. Kazi yake ilikuwa kumwangalia mtoto wakati mama yake yuko kwenye uchungu: kichwa kimeshuka kiasi gani, kimelala vipi, njia ipo au haipo. Ilikuwa na siku nane humo ndani na haijamwangalia mtoto hata mmoja. Ilifunikwa shuka jeupe la satini kuanzia juu hadi kwenye magurudumu, na mbele ulipita utepe mwekundu wenye fundo la kipepeo, pana kama sahani. Vitanda viwili vilitolewa nje ili mgeni rasmi na wapiga picha wapate pa kusimama. Usiku wa kuamkia siku hiyo wanawake wawili walizalia kwenye godoro la sakafuni, wakiitazama ile satini.

Mgeni alitazamiwa saa sita. Ilikuwa saa tano na nusu.

Mkunga alikuwa na cheti cha mashine hiyo. Alipelekwa kwenye mafunzo ya siku tano, akarudi nacho kwenye bahasha ya kaki, na tangu hapo hakuruhusiwa kuwasha hata taa yake. Siku hiyo alipangiwa aiwashe mara moja tu, baada ya utepe kukatwa, juu ya tumbo la mke wa mtunza ghala. Huyo alikuwa na mimba ya miezi sita, hana uchungu wowote, na aliambiwa avae gauni zuri.

"Saa sita utaiwasha mpaka uchoke," katibu alisema. Akanyoosha fundo la utepe kwa vidole viwili, akatoka.

Mkunga akavaa glovu ya pili na kurudi kitanda cha tatu.

Aliyelala pale alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda nje ya geti la hospitali, na kila mtu pale ndani alimwita Fundi tu. Ndiye aliyekuwa akishona mashuka ya wodi na kupunguza makoti ya madaktari wanaokonda. Hii ilikuwa mimba yake ya kwanza. Njia ilikuwa imefunguka yote tangu saa tatu asubuhi, akaanza kusukuma saa nne, na alisukuma kama alivyoambiwa, kidevu kifuani, pumzi chini, bila kelele. Midomo ilikuwa imepasuka. Kila alipoulizwa anaumwa wapi, alijibu mgongo. Mgongo, mgongo tu, kama mtu anauchana kwa mkasi butu.

Hilo la mgongo mkunga hakulipenda. Mtoto anayekuja vizuri huja kisogo kikiwa mbele, upande wa tumbo la mama, uso nyuma. Anayekuja ametazama juu hukandamiza uti wa mgongo kwa kisogo chake, na njia humwia nyembamba.

Kitu kingine kilichomsumbua kilikuwa vidole vyake mwenyewe. Kila alipopima vilikutana na kitu laini, chini kidogo kuliko mara iliyopita. Asiye na uzoefu angefurahi, aandike kwenye chati kwamba kichwa kinashuka. Lakini mfupa hauwi laini. Mtoto akibanwa muda mrefu, ngozi ya kichwa huvimba kama mkate, uvimbe ukashuka, mfupa ukabaki palepale juu. Vidole vinakutana na uvimbe, chati inaandikwa kichwa, na watu wanaanza kuvuta kitu ambacho hakijafika.

Nje ya dirisha mama mkwe wa Fundi alikuwa akizunguka tangu alfajiri, kitambaa mkononi. Mara kwa mara alisogeza uso kwenye wavu na kusema, kwa sauti ambayo kwake yeye ilikuwa ya chini, kwamba sukuma mwanangu, usituaibishe, mimi nilizaa saba na sikumsumbua mtu.

"Mama, wewe ulizaa saba," mkunga akamwambia. "Huyu mwache azae mmoja."

Daktari aliingia saa sita kasoro dakika kumi. Alikuwa mwembamba, macho mekundu, hajalala kitandani kwake siku ya pili sasa, na chini ya koti alikuwa amevaa tai kwa sababu katibu aliagiza tai. Akapima. Akafumba macho kama anayesikiliza kitu, akatoa mkono.

"Kichwa kiko chini kabisa. Mbona hamjazalisha?"

Mkunga akamweleza: mgongo, ulaini, saa mbili karibu za kusukuma. Akasema anaona ni uvimbe. Daktari akasema anaona ni kichwa. Akaelekeza kidevu ukutani, ambako ulibandikwa waraka uliokuja mwanzoni mwa mwaka: idadi ya upasuaji imezidi, kila upasuaji wa uzazi utatolewa maelezo mbele ya kamati. Yeye alikuwa ameshasimama mbele ya kamati hiyo mara mbili. Alisimulia jinsi mzee mmoja wa kamati alivyomuuliza kama hospitali ni bucha.

"Niandalie kikombe cha kuvuta. Nikimaliza kupanga foleni ya kumpokea mgeni nakuja namtoa. Dakika kumi."

"Daktari, ile ya mwezi uliopita pia ilikuwa chini."

 Daktari aliangalia tai yake, akaiweka sawa, akatoka.

Ile ya mwezi uliopita ilitokea kitanda hicho hicho, kabla hakijasogezwa. Muuza mboga, mimba ya kwanza, kichwa chini kabisa. Kikombe kikabandikwa kichwani kwa mtoto, kikachomoka. Kikabandikwa tena, kikachomoka tena. Mara ya tatu kilikuja na mtoto, na mtoto hakuwa na sauti. Mkunga alimpulizia hewa nusu saa nzima, mpaka daktari alipomshika kiwiko. Baadaye kwenye chumba kidogo cha chai wakajaza fomu, na kwenye mstari wa sababu katibu akasema pawekwe sentensi fupi, isiyoleta maswali. Mama hakusukuma vizuri. Ni maneno matatu. Mkunga ndiye aliyeyaandika, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya masista, akatia sahihi.

Wiki mbili baadaye muuza mboga alirudi kuondolewa nyuzi. Alipovaa viatu alimuuliza mkunga, kwa adabu, alikosea wapi kusukuma, ili mara nyingine asirudie. Mumewe alitaka kujua. Mkunga akamwambia apumzike, ajaribu kula. Tangu siku ile hanunui mboga upande ule wa barabara.

Mkunga akachukua pembe ya mbao ya kusikilizia mapigo ya mtoto, akaiweka tumboni kwa Fundi, akainama, sikio kwenye pembe, jicho kwenye saa ya ukutani. Mia moja na arobaini. Uchungu ukaja, Fundi akasukuma, na mkunga akaendelea kuhesabu. Mia na ishirini. Mia na kumi. Uchungu ukapita na mapigo hayakurudi haraka kama asubuhi. Yalirudi taratibu, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

Akatoka hadi mlangoni. Ukumbi mzima ulikuwa na viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe, kuanzia leba hadi karibu na mlango wa chumba cha upasuaji. Katibu alikuwa akihesabu viti. Mkunga akamwambia mapigo ya mtoto yanashuka. Katibu akasema mgeni amechelewa, msafara umesimama mahali kusalimia watu, sasa atafika saa saba. Mkunga akamuuliza kama hiyo ina maana mashine ipo bure saa nzima. Katibu akamtazama kwa huruma ya kweli, kama anayemtazama mtu asiyeelewa mambo ya dunia.

"Dada, mashine hii ina nyaraka. Imeandikwa itaanza kutumika baada ya uzinduzi. Ikiharibika kabla, nani anasaini?"

"Na mtoto akiharibika?"

"Huyo ana daktari."

Alirudi ndani. Mapigo yalikuwa mia moja, na kulikuwa hakuna uchungu wakati huo.

Daktari aliingia nyuma yake na kikombe cha kuvuta, mpira wake ukining'inia. Alikuwa ameirusha tai begani. Alisema afadhali mgeni amechelewa, watamaliza kabla hajafika. Alisema haraka mno, na hakumtazama mkunga usoni.

"Dakika tano za mashine, daktari. Nikikosea, uvute."

"Imefungwa."

"Kwa utepe."

"Nikikata utepe ule, sista, mimi na wewe tutauza karanga pamoja."

Hapo ndipo Fundi alipofungua mdomo. Sauti ilitoka kavu, na walidhani anaomba maji.

"Kuna zipu," alisema.

Mkunga akainama.

"Nyuma. Hilo shuka nimelishona mimi." Akapumua. "Mbele limepasuliwa kama pazia, utepe ndio unaoshikilia. Utepe wenyewe nimeushonea ubavuni, haufiki nyuma. Nikasema mkubwa akikata halafu likagoma kufunguka nitaaibika. Nikaweka zipu. Mtu aweze kulivuta kwa nyuma." Uchungu ulikuwa unakuja tena, akashika ukingo wa kitanda. "Ni zipu nzuri. Haikwami."

Daktari alitazama mlango. Kisha alikwenda kwenye sinki lililokuwa kona ya mbali, kikombe kwapani, akafungua maji, akaanza kunawa mikono iliyokuwa safi tayari.

"Mimi sijaona kitu," alisema, mgongo amewapa.

Zipu kweli haikukwama. Mkunga aliishusha kuanzia juu hadi chini, akalivua shuka kwa mbele kama gauni, utepe na fundo lake vikaja vyote pamoja, akavitundika kwenye msumari ukutani kama mtu asiye na kichwa. Akasukuma mashine hadi kitandani, akachomeka waya. Ilipowaka ikatoa mlio wa furaha, mrefu, kama simu mpya. Wote wawili waliganda. Ukumbini viti viliendelea kuburutwa.

Alianza juu, chini ya kitovu, pale tumbo linapoishia kwenye mfupa wa kinena. Akapaka jeli, akabonyeza kipimio cha mashine. Kioo kilikuwa na ukungu wa kijivu, kisha ukungu ukatulia, na mtoto akawa anawatazama.

Mkunga hakuwa na neno lingine kwa alichokiona. Matundu mawili meusi ya macho, yamekaa pamoja, yameelekea juu, moja kwa moja kwenye kipimio. Kama angekuwa amelala vizuri wangeona kisogo. Huyu alikuwa ametazama dari tangu asubuhi, na watu walikuwa wakimwambia mama yake asukume.

"Sogea uone," mkunga alisema.

Maji kwenye sinki yakafungwa.

Akavalisha kipimio glovu safi, akaongeza jeli, akamwambia Fundi kwamba sasa anapima chini, atasikia baridi. Akakiweka katikati ya mapaja, akakibonyeza hadi kilipogota. Kwenye kioo ukaonekana uvimbe kwanza, mnene, wa kijivu, ule ambao vidole vyao wote wawili vilikuwa vimeushika. Juu yake, mbali, ndipo ulipokuwa mstari mweupe wa mfupa. Akaugandisha ule mwonekano, akavuta mstari kutoka kwenye ngozi hadi kwenye mfupa kama alivyofundishwa. Mashine ikaandika namba pembeni. Sentimita sita.

Mwalimu wa mafunzo alikuwa na msemo wake. Chini ya nne, vuta. Ikivuka tano, usijidanganye.

Daktari alisimama nyuma yake, mikono ikidondosha maji sakafuni. Aliitazama namba, akayatazama yale macho ambayo mkunga aliyarudisha kwenye kioo bila kuombwa.  Kisha alikiweka kikombe juu ya kabati, taratibu, kama kitu kinachoweza kulia.

"Kichwa cha mwezi uliopita," alisema, "unadhani kilikuwa ngapi?"

"Sijui. Hatukupima."

"Thieta," akasema. "Sasa hivi."

Mkunga alibonyeza kitufe, mashine ikatema picha mbili kwenye karatasi ya kung'aa. Akazitia ndani ya faili. Halafu, kabla hajakamata kitanda, alifanya jambo ambalo hakulifikiria hata kidogo. Aliirudisha mashine kona yake, akaivalisha shuka, akapandisha zipu hadi juu. Ulikuwa woga wa miaka ishirini ya kazi, na mikono ilikuwa imeuzoea.

Kitanda kilipita ukumbini kikigonga viti. Vitambaa vyeupe viliburutwa na magurudumu. Mama mkwe alikimbia ubavuni mpaka mlango wa thieta ulipomfungia nje.

Mtoto alitolewa saa saba kasorobo. Ilibidi daktari amrudishe juu kwa mkono ili apate kumtoa, alivyokuwa amekwama. Alikuwa wa kiume, mlegevu, kichwa kimerefuka na uvimbe juu kama kofia iliyovaliwa vibaya. Hakulia. Mkunga alimkausha, akamsafisha puani, akaweka mpira usoni na kumpa hewa huku akihesabu kwa sauti, na kwenye thelathini alianza kusikia harufu ya kile chumba kidogo cha chai. Kwenye arobaini na mbili mtoto alikunja uso. Halafu akakohoa. Halafu akalia, kilio kifupi cha kukasirika, na daktari, mikono ndani ya tumbo la mama yake, akasema asante bila kusema anamshukuru nani.

Mkunga alitoka na faili kumpa mama mkwe habari. Alimkuta ameketi kwenye kiti cha wageni, kile cha mbele, na hakuna aliyethubutu kumwinua. Alisikiliza yote, mjukuu mzima, mama mzima, akaitikia alhamdulillahi. Lakini uso wake ulikuwa umeshakunjwa na jambo lingine.

"Yule mkubwa wa hospitali, aliyekuwa akihesabu viti, kaniambia," alisema. "Kwamba hakusukuma. Ndiyo maana mmempasua."

"Kakwambia lini?"

"Sasa hivi, nimekaa hapa hapa. Nikampigia mwanangu simu, nikamwambia mkeo ametushinda." Akakunja kitambaa chake, akakikunjua. "Mimi nilikuwa dirishani, sista. Nilimwona anavyohangaika. Lakini wakubwa ndio wanajua."

 Mkunga aliingia leba.

Katibu alikuwa humo, amechutama, akifuta sakafu kwa leso yake mwenyewe. Jeli ilikuwa imedondoka matone matatu kati ya kitanda cha tatu na kona. Daktari alikuja baada ya dakika chache, bado na kofia ya thieta. Tai ilikuwa imerudi kifuani, ina doa.

Katibu hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa rahisi zaidi. Alisimama, akaikunja leso yenye jeli, akaitia mfukoni, akasema anamshukuru Mungu kwamba hakuna kilichoharibika. Mama mzima, mtoto mzima, utepe mzima. Sasa ni karatasi tu. Hotuba ya mgeni ilishachapwa na ilisema mama wa kwanza kuhudumiwa na mashine hii atahudumiwa leo mbele ya mgeni. Magazeti yalishapewa. Kwa hiyo mashine haijatumika. Kwa kuwa haijatumika, picha hazipo. Na kwa kuwa picha hazipo, daktari atahitaji sababu ya kuieleza kamati kwa nini alipasua mtu ambaye chati inasema kichwa kilikuwa chini.

"Zitoe hizo picha kwenye faili, dada. Kwenye mashine uzifute, unajua kufuta, umesoma. Halafu andika sentensi moja. Ile ile."

Mkunga alimtazama daktari. Daktari alikuwa akitazama viatu vyake.

"Ni sentensi tu, sista," alisema. "Haimuui mtu."

"Ile ya kwanza uliiona ikitembea barabarani? Mimi nimeiona. Inauza mboga."

Ving'ora vilisikika mbali, upande wa barabara kuu. Katibu akatazama saa, akatoa kalamu yake mfuko wa shati, akaifungua kifuniko na kumpa. Ilikuwa kalamu nzuri.

Mkunga akaipokea. Akaliweka faili juu ya kabati, kando ya kikombe cha kuvuta, akaitafuta fomu, akaupata mstari wa sababu. Akaandika bila haraka, kwa mwandiko ule ule.

Mama alisukuma vizuri, saa mbili na robo. Mtoto alikuwa ametazama juu. Ultrasaundi saa sita na dakika kumi na mbili: kichwa sentimita sita.

Akaandika jina lake lote, hadi la babu. Akatia sahihi. Akachana plasta kwa meno, akabandika picha mbili chini ya maandishi, na macho yale mawili yakawa yanaitazama dari ya leba.

Katibu alisoma akiwa nyuma ya bega lake. Alipomaliza alicheka kidogo, kicheko cha uchovu.

"Nani atakuamini? Sasa hivi mgeni na waandishi wataikuta mashine imevaa nguo zake, na kamati itasoma magazeti. Utepe mzima, fundo zima. Karatasi yako inasema imetumika saa sita, utepe unasema haijaguswa." Akachukua kalamu yake, akaifunika. "Kati ya mkunga na utepe, wataamini utepe."

Alikuwa anasema kweli. Mkunga aliliona hilo wazi kama alivyouona ule mstari mweupe wa mfupa. Na zipu aliipandisha yeye mwenyewe.

Ving'ora viliingia getini, vikazimwa. Milango ya magari ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Ukumbini watu walisimama, viti vikalia.

Mkasi wa kukatia vitovu ulikuwa kwenye trei, umechemshwa, umefungwa kwenye kitambaa chake. Mkunga akaufungua. Alipiga hatua nne hadi kona, akashika fundo la kipepeo kwa mkono wa kushoto, akapitisha mkasi chini yake, akakata.

Shuka likafunguka pande mbili, taratibu, bila kukwama, kama Fundi alivyolishona.